Kukisia mashine ni kazi ya mhandisi, na Garissa ipewe nafasi yake

Agosti 2024 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba bustani yake ya burudani huko California itapata mashine mpya ya kubebea watu iitwayo Stark Flight Lab. Maelezo yalikuwa machache. Abiria wataketi wawili wawili ndani ya vibanda vidogo vinavyokwenda kwenye reli, kisha mkono mkubwa wa roboti utakinyakua kibanda, ukigeuze na kukizungusha hewani, ili waliomo wajione wanaruka kama Iron Man wa kwenye sinema. Michoro michache ikatolewa, na habari rasmi ikaishia hapo.

Mashabiki hawakuishia hapo. Wako wanaochambua hataza za kampuni, ambazo kisheria ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma. Wako wanaotazama picha za eneo la ujenzi zilizopigwa kutoka angani na kukadiria urefu wa nguzo kwa kuulinganisha na malori yaliyoegeshwa kando. Wengine huzirejelea mashine za zamani na kuuliza ni kipi kitakachorudiwa na kipi kitakachoachwa. Mkono utakishika kibanda kwa wapi? Umeme na breki vitaachanishwa vipi na reli, na vitaunganishwa tena vipi? Kibanda kinachofuata nyuma kitasubiri wapi?

Ni rahisi kuyaona hayo kuwa mazungumzo ya watu walioshiba wasio na la kufanya. Si kweli. Anayekisia kwa ushahidi jinsi mashine itakavyofanya kazi anafanya nusu ya kazi ya mhandisi, na sehemu ya Kenya inayohitaji zoezi hilo kuliko nyingine ni kaskazini mashariki, ambako maabara za shule ni chache na walimu wa fizikia ni wachache zaidi.

Hesabu ndiyo inayotenganisha ubashiri na uvumi. Tuseme mkono mmoja unahitaji sekunde 90 kukinyakua kibanda, kukizungusha na kukirudisha relini. Kwa saa moja utahudumia vibanda 40, yaani watu 80. Bustani kubwa hutaka kivutio chake kikuu kipitishe watu zaidi ya elfu moja kwa saa, la sivyo foleni haitaisha hadi jioni. Ili kupitisha watu 1,200, ingehitajika mikono 15, kila mmoja na chumba chake, umeme wake na mafundi wake. Mwanafunzi wa shule ya upili akiwa na kalamu na karatasi ataona penye tatizo. Ama mikono itakuwa mingi, ama mkono mmoja utakamata zaidi ya kibanda kimoja kwa wakati, ama muda wa kurushwa utakuwa mfupi kuliko michoro inavyodokeza. Kila jibu lina bei yake, na mwenye kubashiri hulazimika kuchagua na kutetea alichochagua.

Washindani wa Disney, Universal, waliwahi kulitatua tatizo la aina hiyo kwa njia nyingine. Juni 2010 walifungua Orlando, Florida, kivutio cha Harry Potter kiitwacho Forbidden Journey. Humo mna mikono ya roboti ya kampuni ya Kijerumani ya KUKA, ndugu wa mikono inayochomelea magari viwandani. Mkono hukaa juu ya kitoroli kinachosafiri, nao umebeba benchi la watu wanne. Hausubiri abiria waletwe. Unasafiri nao kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mstari hausimami. Anayeijua habari hiyo hubashiri mashine ya California kwa macho makali zaidi, kwa kuwa anajua swali gumu ni lipi: kwa nini safari hii wahandisi wameamua kibanda kiachane na reli?

Chuma, hata hivyo, ni sehemu moja tu ya siri. Sehemu ya pili imo ndani ya kichwa cha abiria.

Sikio la ndani la binadamu lina mifereji mitatu iliyopinda inayohisi mzunguko wa kichwa, na vijiwe vidogo sana vinavyohisi uzito na kasi inayobadilika. Vijiwe hivyo vina udhaifu ambao sekta nzima ya mashine za kuigiza mwendo, zinazoitwa pia simuleta, imejengwa juu yake: haviwezi peke yake kutofautisha kuinama na kuongeza au kupunguza kasi. Basi linalotoka Nairobi likifunga breki ghafla kwenye kizuizi cha polisi karibu na daraja la Tana, abiria husukumwa mbele. Mfunge macho abiria huyo huyo, mketishe kwenye kiti kinachoinamishwa mbele kwa utaratibu, na mwili utamweleza jambo lile lile, ingawa kiti hakijasogea hata hatua moja. Mwoneshe wakati huo picha ya barabara inayopunguza kasi, na ataapa kwamba gari limefunga breki.

Kisha inakuja hila ya pili. Kiti kilichoinama lazima kirudi mahali pake ili kiwe tayari kwa tendo linalofuata, na hurudishwa polepole mno, chini ya kiwango ambacho sikio linaweza kuhisi, huku macho yakishughulishwa na picha. Hapo ndipo programu inapohitaji wataalamu wa kweli. Picha ikitangulia kiti au kiti kikitangulia picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, abiria huanza kutoka jasho na kuhisi kichefuchefu. Mashabiki wanapobishana iwapo mashine mpya itatumia skrini kubwa, miwani, au mandhari ya kujengwa, wanabishana kuhusu ulinganifu huo kati ya jicho na sikio, hata kama hawautaji kwa jina hilo.

Miguu sita ya kusukuma na kuvuta, ambayo ndiyo umbo la kawaida la mashine hizi, nayo haikuzaliwa kwenye burudani. Katika miaka ya 1950 mhandisi Eric Gough wa kiwanda cha matairi cha Dunlop huko Birmingham, Uingereza, alihitaji kifaa cha kulibana tairi kutoka pande zote kama linavyobanwa barabarani. Akatengeneza jukwaa lililosimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika. Mwaka 1965 D. Stewart akachapisha maelezo ya jukwaa kama hilo kwa ajili ya kuwafunzia marubani. Miguu sita inatosha kuleta miendo yote sita: mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini, kuinama, kulalia ubavu, na kugeuka.

Kabla ya hapo palikuwa na Edwin Link. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York, na kijana huyo aliyekuwa na hamu ya urubani alikosa pesa za masomo ya angani. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto na mabomba ya hewa ya vinanda, akavifunga chini ya kiti kilichozungushiwa umbo la ndege ndogo, na kiti kikawa kinayumba kwa kuufuata usukani. Waliokinunua mwanzoni walikuwa hasa wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani lilizinduka mwaka 1934, baada ya marubani wake kuangamia wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, likanunua sita. Kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wapatao nusu milioni walikuwa wamepitia mashine za Link.

Mwaka 1987 safari ikageuka tena. Disney ilinunua majukwaa ya kufunzia marubani kutoka kampuni ya Kiingereza ya Rediffusion, ikayajengea vyumba vya watu 40 na kuyapa hadithi ya anga za mbali, Star Tours. Kilichouzwa kwanza kwa mchezo kilifunza jeshi, kisha kikarudi mchezoni kikiwa kimekomaa. Mzazi anayemwambia mwanawe aachane na habari za mashine za kuchezea aisome historia hiyo kwanza. Chuo cha urubani cha Ethiopian Airlines jijini Addis Ababa, mji mkuu wa taifa jirani tunalopakana nalo kule Mandera, kinafundisha marubani kwa mashine za ukoo huo huo.

Mfano unaogusa zaidi, na unaostahili kubandikwa ukutani katika kila karakana ya shule kutoka Masalani hadi Rhamu, ni wa Mark Sumner. Wabunifu wa Disney walitaka watu waruke juu ya California wakiwa wamening'inia kwenye viti, miguu ikielea. Mpango wao wa kwanza ulihitaji abiria wapande kwenye ghorofa tatu tofauti, jambo lililokuwa ghali na la kuchosha. Mwaka 1996, wakati wa mapumziko ya sikukuu, Sumner alitoa seti ya vyuma vya kuchezea aliyokuwa nayo tangu utotoni, vile vipande vyenye matundu vinavyofungwa kwa skrubu na nati, akaunda kielelezo kinachoendeshwa kwa kuzungusha mkono. Abiria wote wanapanda chini, kwenye sakafu moja. Kisha safu za viti zinanyanyuliwa pamoja na kuingizwa ndani ya kuba la skrini, moja juu ya nyingine. Mashine hiyo, Soarin', ilifunguliwa Februari 2001 ikiwa na nafasi za watu 87 katika kila ukumbi, na muundo wake umejengwa tena Florida, Tokyo na Shanghai.

Watoto wa Garissa huunda magari kwa waya na makopo, yenye usukani mrefu unaogeuza magurudumu ya mbele kweli. Mtoto anayepinda waya mpaka gurudumu likatii mkono wake ameshaingia katika kazi ya Sumner. Anachokosa ni mtu mzima wa kumuuliza: na ukitaka gari lako liiname kwenye kona, utafanyaje?

Kuna sababu nyingine ya watu wa upande huu kujihesabu ndani ya mjadala. Taswira ya Afrika Mashariki imekuwa malighafi ya bustani hizo kwa miaka mingi. Aprili 1998 Disney ilifungua huko Florida bustani ya Animal Kingdom, na ndani yake mji wa kubuni uitwao Harambe, mji wa bandari uliojengwa kwa kuuiga mji wa Lamu, majirani wa Garissa upande wa kusini, pamoja na kuta zake na maandishi ya Kiswahili yaliyopauka kwa makusudi. Toleo la Soarin' lililoanza kuonyeshwa 2016 linampitisha mtazamaji juu ya tembo mbele ya Mlima Kilimanjaro. Milima yetu, wanyama wetu na miji yetu ya mawe imeshapanda kwenye skrini. Wahandisi wetu bado.

Na sasa bustani hizo zinasogea karibu. Mei 2025 Disney ilitangaza kwamba kituo chake cha saba cha bustani za burudani duniani kitajengwa kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, na kampuni ya huko ya Miral ndiyo itakayokijenga na kukiendesha. Kutoka Nairobi hadi Abu Dhabi ni safari ya ndege ya takriban saa tano. Familia nyingi za Garissa na Wajir zina ndugu katika nchi za Ghuba, na Wakenya wengi wanafanya kazi huko katika ulinzi, hoteli, usafi na udereva. Orodha ya vivutio haikutolewa pamoja na tangazo hilo, kwa hiyo uwanja wa kubashiri uko wazi kabisa.

Hapa mkazi wa Garissa ana mtaji ambao shabiki wa London hana. Anajua joto ni nini. Garissa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na Abu Dhabi wakati wa kiangazi hupita 40. Anayeishi kwenye joto la namna hiyo anajua kwamba shughuli za mchana huhamia kivulini na maisha ya nje huanza baada ya alasiri. Kwa hiyo anaweza kubashiri, kwa sababu nzuri, kwamba sehemu kubwa ya bustani hiyo itakuwa chini ya paa, kama ilivyo Ferrari World iliyofunguliwa 2010 na Warner Bros. World ya 2018, zote mbili kwenye kisiwa hicho hicho. Na chini ya paa, mashine ya kuigiza mwendo ina faida kubwa: inampa mtu anga nzima ndani ya chumba kimoja chenye kiyoyozi.

Anajua pia mavazi. Mwanamke mwenye buibui na mtandio mrefu hawezi kupanda kila kitu kinachopinduka kichwa chini au kinachokwenda kwa upepo mkali, na wabunifu wa Abu Dhabi watalazimika kulifikiria hilo tangu mwanzo. Kiti cha Soarin' chenye mkanda wa kiunoni kinamfaa bibi, mama na mtoto aliyetimiza sentimita 102 kwa pamoja. Kiti cha Flight of Passage, mashine ya Disney iliyofunguliwa Florida Mei 2017, kinahitaji mtu akae kama juu ya pikipiki, amekiinamia, huku mito iliyo kati ya miguu ikipanuka na kunywea kama mbavu za mnyama anayepumua. Ni kazi ya ajabu ya uhandisi. Je, itakubalika kwa familia za Ghuba kama ilivyo, au kiti kitabuniwa upya? Swali hilo linajibiwa vizuri zaidi na mwanafunzi wa kike wa Wajir kuliko na mwanamume wa California, na laiti angekuwepo mezani wakati linaulizwa.

Njia ya kufika kwenye meza hiyo hupitia darasani, na darasa la kaskazini mashariki lina majeraha. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Walimu wa sayansi walikuwa miongoni mwao. Shule zikabaki na walimu wachache wanaofundisha masomo mengi, na fizikia ikawa ya kukariri. Serikali haiwezi kulaumiwa kwa kutaka kulinda maisha ya walimu. Inaweza kuulizwa nini kimefanywa tangu wakati huo kuwaandaa vijana wa hapa hapa kuwa walimu wa sayansi. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, wakapewa kuchagua mkondo: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Mkondo wa sayansi katika shule isiyo na maabara ni jina tu kwenye fomu.

Ubashiri wa mashine hauhitaji maabara ili uanze. Unahitaji picha, swali na mwalimu asiyeogopa kusema kwamba jibu halijulikani bado. Hata mfano wa karibu upo. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019 nje kidogo ya mji. Mpe mwanafunzi zoezi hili kabla hajafikishwa langoni: Garissa iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, je, paneli zinapaswa kuinamishwa kiasi gani, na kuelekea wapi? Akisie, achore, atetee. Kisha apelekwe akaone. Atakayekosea atakumbuka somo hilo kuliko aliyesomewa jibu.

Wako watakaosema kwamba eneo lililopitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, na kupoteza mifugo wasiohesabika, halina muda wa bustani za burudani. Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu la heshima. Jibu ni kwamba ujuzi ni ule ule. Kijana anayeweza kueleza kwa nini mkono mmoja wa roboti hauwezi kuhudumia foleni ya watu elfu moja anaweza kueleza kwa nini pampu moja ya kisima haiwezi kunywesha ngamia wote waliofika siku moja, na kukadiria pampu ngapi zinahitajika. Anayejua kusoma michoro ya miguu sita atasoma michoro ya bwawa la maji. Mchezo humvuta ajifunze kwa hiari yake, kitu ambacho kitabu cha mtihani hakijafanikiwa kukifanya kwa wengi.

Kwa hiyo liwepo jambo la kushika kwa mkono. Chuo cha North Eastern National Polytechnic kiko Garissa, na Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake 2017, kiko mji huo huo. Wapenzi wa mashine hizi kote duniani hujitengenezea viti vya kuyumba nyumbani kwa kutumia mota za waipa za magari na bodi ndogo ya kompyuta ya aina ya Arduino. Mota za waipa zimejaa gereji za Garissa, kwenye magari mabovu yasiyo na wenyewe. Mota mbili zinatosha kukiinamisha kiti mbele, nyuma, kulia na kushoto. Fundi wa kuchomelea atatengeneza fremu. Mwanafunzi wa kompyuta ataandika programu. Na picha inaweza kuwa video ya barabara ya Garissa hadi Modogashe iliyorekodiwa kwa simu kutoka mbele ya gari. Walimu wa vyuo hivyo viwili wangeweza kulifanya zoezi hilo kuwa mradi wa pamoja wa muhula mmoja, na kuwaalika wanafunzi wa shule za upili waje kubashiri kwanza kiti kitafanya nini, kabla umeme haujawashwa.

Serikali za kaunti tatu hutenga fedha za basari kila mwaka. Sehemu ndogo ya fedha hizo inunue vifaa vya karakana, na ofisi za elimu zihakikishe vifaa havifungiwi stoo. Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya huanzia ngazi ya kaunti ndogo na kupanda hadi taifa, nayo yako wazi kwa kila shule ya upili. Wakuu wa shule za Garissa, Wajir na Mandera wawaandikishe vijana wao mwaka huu, wasichana kwa wavulana, na waruhusu angalau mradi mmoja uwe wa mashine inayoyumba.